Leo Jikoni Zamu ya Nani?

Sufuria ya wali ililowekwa usiku ili ukoko ulainike. Asubuhi bado iko uani, chini ya bomba, maji yamekuwa meupe na nzi wanatua ukingoni. Mke wa kaka mkubwa anasema aliyepika ndiye huosha. Mke wa mdogo anasema hakuwa na zamu, alipika kwa sababu mwenzake alichelewa kurudi. Wifi anapita na ndoo yake ya kuoga kama hajaiona. Mama mkwe, magoti yakimuuma, anavuta kigoda, anakaa na kuisugua mwenyewe kwa jivu bila kusema neno. Siku hiyo nyumba nzima haizungumzi.

Kama umeishi nyumba ya namna hii, unajua ninachosema. Mwongozo huu ni wako wewe unayekaa na wanawake wenzako wa vizazi tofauti chini ya paa moja, uwe mama mkwe, mkamwana, wifi au binti. Mifano mingi nimeitoa katika nyumba yetu ya Ngamiani, Tanga: vyumba sita, korido katikati, jiko na choo uani. Niliingia humo nikiwa bi harusi na ni mwaka wa 16 sasa. Chukua kinachokufaa, kingine kibadilishe kulingana na nyumba yako.

Kwa nini kazi hugombanisha

Miaka mingi tulidhani tatizo ni wingi wa kazi. Nyumba yenye wanawake wazima wanne haikosi mikono. Kinachochoma ni mambo matatu.

La kwanza ni kazi isiyo na jina. Kuna mtu anayejua kwamba mkaa umebaki wa siku mbili, dawa ya presha ya mama inaisha Alhamisi, na shati la shule la mtoto halijakauka. Mtu huyo yuko kazini hata akiwa kitandani. Akisema amechoka anaulizwa, "Kwani leo umefanya nini?"

La pili ni misamaha. Mkubwa ana umri, mwenye ajira ana mshahara, binti ana mitihani, bi harusi ana ugeni wake, wifi ana haki ya mtoto wa nyumba. Kila msamaha ukiutazama peke yake ni wa kweli. Ukiijumlisha yote, mzigo unamwangukia yule asiye na msamaha, na mara nyingi huyo ni mkamwana asiye na ajira.

La tatu ni neno "kusaidia". Anayesaidia hushukuriwa. Anayesaidiwa hubaki na kazi yake na lawama zake. Wifi akikumenyea vitunguu kisha chakula kikaungua, kimeungua mikononi mwako.

Mwaka 2018 Shirika la Kazi Duniani lilieleza kwamba wanawake hufanya zaidi ya robo tatu ya saa zote za kazi za nyumbani na za kulea zisizolipwa. Ndani ya hizo robo tatu kuna mgawanyo mwingine, wa mwanamke kwa mwanamke, na huo utauhesabu wewe mwenyewe.

Nani aanze kusema?

Miongozo mingi huanza kwa kusema "kaeni kikao". Katika nyumba zetu mkamwana hamwiti mama mkwe wake kikaoni. Akijaribu, jambo lenyewe litaachwa na kitakachojadiliwa ni adabu yake. Kwa hiyo pita njia hii:

1. Chagua mlango. Mtafute mwanamke ambaye mama mkwe anamsikiliza na ambaye hana zamu katika nyumba ile: dada yake mama, wifi mkubwa aliyeolewa mbali, au somo wako aliyekufunda. Usianze kwa mume. Maneno yakipitia kwake, kwa mama yake yatafika yakiwa "mke wangu amechoka kukutumikia", hata kama hukuyasema hivyo.

2. Omba ushauri, usipeleke mashtaka. Anza na jambo linalomgusa yeye. "Mama, shikamoo. Naona siku hizi chakula cha mchana kinachelewa, nawe dawa zako ni za saa. Naomba utuelekeze tupange vipi."

3. Mwache yeye awaite wengine. Mpango uliotangazwa na mama una uzito. Uliotangazwa nawe utaitwa jeuri, hata ukiwa ni uleule.

4. Chagua wakati. Baada ya alasiri, kabla ya kuwasha moto wa usiku, pasipo mgeni. Isiwe siku ya ugomvi, wala mbele ya watoto.

Nawe mama mkwe unayesoma hapa, wewe ndiye mlango. Usingoje mpaka waje. Ukisema leo, "Wanangu, naona mnachoka, njooni tupange," utakuwa umeondoa nusu ya ugumu wote.

ONYO: Usiseme kwa kanga. Sisi watu wa pwani tunajua kutumiana maneno kwa jina la kanga, na kwenye harusi hilo lina utamu wake. Ndani ya nyumba ni sumu. Aliyevaa anasema hajamlenga mtu, aliyesoma anajua kalengwa, na kwa kuwa hakuna lililotamkwa, hakuna anayeweza kujibu wala kuomba radhi. Kwetu kanga moja ilituchukua miezi mitatu.

Hesabu kabla ya kugawa

Huwezi kugawa usichokijua. Tenga siku saba za kuhesabu tu.

1. Tundika daftari jikoni kwa kamba, na kalamu yake pamoja.

2. Kila aliyemaliza kazi aandike kazi na muda iliochukua. Asiandike jina. Hili nalisisitiza: wiki ya kwanza mnatafuta ukubwa wa mzigo, hamtafuti mvivu. Mkianza na majina, kila mtu ataongeza dakika zake, na daftari litageuka mahakama.

3. Andikeni na kazi za kichwa: kukumbuka kliniki, kufuatilia umeme unaokaribia kukatika, kujua nani hali kitu gani, kukaa macho kumfungulia mlango anayerudi usiku.

4. Andikeni kazi za mara moja moja pia: kusafisha pipa la maji, kuanika magodoro, kwenda kumjulia hali mgonjwa kwa niaba ya nyumba nzima.

Sisi tuliposoma daftari letu tulinyamaza. Kuosha vyombo vya milo mitatu ya watu 11 kulichukua muda mrefu kuliko kupika chakula cha mchana. Kukuna nazi tatu, kukamua na kuchuja tui kulikuwa kama nusu saa kila siku, na hakuna aliyewahi kukutaja kuwa ni kazi. Mama aliuliza nani hufunika maji na kuzima taa za uani usiku. Alikuwa mtu mmoja, miaka yote, na hata mumewe hakujua.

Gawa kazi nzima

Kama utasahau mengine yote, hili lishike. Mpe mtu kazi nzima, kuanzia kuifikiria hadi kurudisha vyombo mahali pake. Usimpe kipande. Kipande humfanya msaidizi, na mwenye kazi hubaki yuleyule wa jana.

Chukua mfano wa jikoni. Zamu ya jikoni haianzi moto unapowashwa. Huanza jana yake usiku:

1. Kuuliza nani atakula nyumbani kesho na nani hatakuwepo.
2. Kuangalia mkaa au gesi, na kumpa anayekwenda sokoni orodha.
3. Kuloweka maharage au kunde. Yakilala majini huiva mapema, na mkaa unabaki.
4. Kupika na kupakua.
5. Kumwekea chakula aliyechelewa, kikiwa kimefunikwa kwa kawa.
6. Kuosha masufuria aliyopikia, kuzoa majivu yaliyopoa, kufuta jiko.

Sahani, vikombe na mabakuli ya kulia ni kazi ya mtu mwingine. Sufuria ni ya mpishi, pamoja na ukoko wake. Sheria hii moja ilimaliza ugomvi wa ile sufuria ya uani.

Kisha zitenganisheni kazi katika makundi matatu.

Kazi za zamu ni zile zinazochosha zikirudiwa: kupika, kuosha vyombo, kusafisha choo. Kwa jikoni nakushauri zamu ya siku mbili mbili. Tulijaribu wiki nzima, na kufika Alhamisi mpishi alikuwa amekosa hamu na nyumba imekula mchuzi uleule. Tukajaribu siku moja moja, kila asubuhi pakawa na mzozo wa kiporo ni cha nani. Siku mbili zinatosha: maharage uliyochemsha leo, kesho unayaunga kwa nazi, na kiporo kina mwenyewe.

Kazi za kudumu ni zile zinazohitaji kumbukumbu: dawa za mzee, ada na sare za watoto, stoo, umeme na maji. Hizi zisizunguke, kwa sababu kila zinapobadilisha mikono kuna kinachosahaulika. Mpe mmoja, kwa mwaka.

Kazi za mwenyewe ni chumba chako, nguo zako, za mumeo na za wanao wadogo. Nguo za ndani kila mtu mzima afue zake. Nguo za mama mkwe au za bibi msiziache hewani. Andikeni ni za nani kufua, kupiga pasi na kukunja.

Mkubaliane pia kazi iliyokwisha inaonekanaje. "Nimefagia" kwa mmoja ni kupitisha ufagio wa chelewa uwanjani, kwa mwingine ni pamoja na kuzoa na kumwaga taka. Semeni wazi, kazi kwa kazi, siku hiyohiyo mnayogawana.

---
KISANDUKU: MFANO WA NYUMBA YA WATU 11

Wakazi: mama (miaka 72), mkamwana mkubwa mwenye genge la mboga mbele ya nyumba, mkamwana mdogo (mwalimu), waume wawili, wifi aliyerudi kwao na binti wa kidato cha tatu na mvulana wa miaka 13, watoto wadogo watatu.

Chakula cha mchana: Jumatatu na Jumanne mkamwana mkubwa. Jumatano na Alhamisi wifi. Ijumaa ni pilau, wapike wote wawili. Jumamosi na Jumapili mwalimu.

Chakula cha usiku: mwalimu siku tatu, mkamwana mkubwa siku mbili, wifi siku mbili.

Vyombo vya usiku: binti na mvulana, siku kwa siku. Vyombo vya mchana: aliye nyumbani bila zamu ya kupika.

Uwanja, korido na deki: mkamwana mkubwa. Choo na bafu: wifi. Jumamosi na Jumapili: waume, kwa kupokezana.

Maji, mkaa na taka: waume na mvulana.

Dawa na kliniki ya mama, kuanzia kukumbuka tarehe hadi kukaa foleni: mwalimu. Siku akiwa darasani na kliniki iko, ni yeye anayemtafuta wa kumwakilisha.

Stoo na orodha ya soko: mama mwenyewe.
---

Mwenye mshahara na asiye nao

Hapa ndipo nyumba nyingi hukwama. Mwalimu, nesi au karani anarudi jioni miguu imevimba, anatoa fedha ya chakula kila mwezi, na anaona hiyo yatosha. Aliyebaki nyumbani anaona fedha ile imemnunua yeye.

Ushauri wangu ni kutenganisha daftari la fedha na daftari la zamu. Mchango wa chakula hutolewa kulingana na kipato, na mwenye kipato kikubwa hutoa zaidi. Zamu hugawiwa kulingana na saa ambazo mtu yuko nyumbani na nguvu alizonazo. Fedha isifute zamu zote. Aliyeajiriwa abaki na angalau kazi moja nzima inayoonekana na wote, hata iwe ni chakula cha Jumapili tu. Nimeona kwa macho yangu kwamba asiyewahi kuwasha jiko la nyumba, baada ya muda huhesabiwa mgeni, na siku akipoteza kazi hana pa kurudi.

Akitaka kulipa ili zamu yake ifanywe na mtu mwingine, sawa, ila alipe kwa kazi inayojulikana. Kwa mfano, amtafute mama wa kufua Jumamosi, amlipe yeye, amsimamie yeye. Asimtupie wifi yake noti mezani.

Nawe uliyebaki nyumbani, usikubali kuambiwa huna unachochangia. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyochumwa wakati wa ndoa, kwa mujibu wa kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Sikuambii uende mahakamani. Nakuambia kwamba majaji walikwisha kuiona kazi hiyo, basi na nyumbani ionekane.

Mama mkwe asistaafishwe

Kosa la wakamwana wema ni kumwambia mama, "Wewe kaa tu, pumzika." Wiki mbili atakaa. Ya tatu atazunguka akifunua masufuria, kwa sababu mmemnyang'anya jiko alilolishika miaka 40. Mpe kazi nzima inayofanyika akiwa amekaa na yenye mamlaka: ufunguo wa stoo, orodha ya soko, kuchambua mchele na maharage, kuamua kitakachopikwa Ijumaa. Mama yetu alipopewa stoo aliacha kulalamikia chumvi.

Kosa la pili liko upande wa pili. Wajukuu wanaachwa naye kutwa kwa maneno "bibi anapenda watoto". Anawapenda, ni kweli. Lakini kumkimbilia mtoto anayetambaa karibu na jiko la mkaa ni kazi nzito kuliko kufua. Mpangie saa, kwa mfano saa 3 hadi saa 5 asubuhi, na mtu mzima mwingine awe karibu.

Angalia mizigo pia. Ndoo ya lita 20 ikijaa ina uzito wa kilo 20. Asiibebe mzee, wala mjamzito. Maji yakikatika mtaani, wanaume na vijana ndio wa kwanza kutoka na madumu. Na jiko la mkaa lisiingizwe chumba kilichofungwa, hata kama mzee anasikia baridi. Hewa yake huua watu wakiwa usingizini.

Binti na mvulana

Mvulana wetu alipoanza kuosha vyombo, bibi yake alikasirika. Aliona tunamdhalilisha mtoto wa kiume. Aliyemgeuza ni yeye mwenyewe: siku moja alikuwa akisimulia jinsi mwanawe, mume wangu, alivyoteseka alipokwenda kusoma Dar es Salaam, akila chipsi mwaka mzima kwa kuwa hakujua hata kupika ugali. Akanyamaza katikati ya hadithi. Kesho yake ndiye aliyemwonyesha mjukuu jinsi ya kusonga.

Gawa kazi za watoto kwa umri. Binti wa kidato cha tatu na mdogo wake wa kiume wote wana masomo, na usiku wao una saa zilezile. Mtihani wa taifa ukikaribia, mpunguzie mtahiniwa zamu kwa muda uliotajwa, na iandikwe nani anashika nafasi yake. Msamaha usio na tarehe ya mwisho haurudi.

Mkiwa na dada wa kazi

Nyumba yenye wanawake watano na dada mmoja wa kazi humfanya dada huyo awe na mabosi watano. Kila mmoja anamtuma, na akisimama kupumua anaitwa mvivu.

1. Mwanamke mmoja tu ndiye ampangie kazi. Wengine wakitaka jambo wapitie kwake.
2. Aandikiwe kazi zake, nazo zisiwe "kila kitu". Bora afue na kusafisha tu, kupika kubaki kwenu.
3. Apewe mkataba wa maandishi. Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa za kawaida zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, siku 6, pamoja na mapumziko ya saa 24 kila wiki. Kulala kwenu hakumfanyi awe kazini usiku kucha.
4. Sheria inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Binti wa ndugu aliyeletwa kutoka kijijini "kusomeshwa", kisha akawa anafua nyumba nzima, amekwisha kuwa mfanyakazi. Mrudishe shule.

Nyakati zinazovunja ratiba

*Ramadhani.* Ratiba ya kawaida isimamishwe, iandikwe nyingine tangu Shaabani. Chai ya asubuhi imeondoka, lakini zimeingia futari na daku, na mpishi amefunga kama wengine. Kilichokuwa kikiniuma mimi ni kwamba adhana ya magharibi inalia, wanaume wameshakaa mkekani na tende, nasi bado tunageuza kaimati kwenye mafuta. Tarawehi inaanza tukiwa kwenye masufuria. Mwezi mtukufu ulikuwa unatupita jikoni.

Tulibadilisha hivi:

1. Timu mbili. Wanaopika futari hawaamki kuandaa daku. Wa daku hulala baada ya adhuhuri.
2. Mwezi kabla: unga wa uji umesagwa, tangawizi na saumu zimetwangwa na kuwekwa kwenye friza, sambusa zimekunjwa.
3. Vitu vinne vinatosha kila siku: uji, kimoja cha nazi (mihogo, magimbi au ndizi), kimoja cha kukaanga, na matunda. Mkitaka zaidi, Ijumaa.
4. Sahani za majirani zihesabiwe mapema na zipelekwe na mvulana kabla ya saa 12 jioni.
5. Dakika 10 kabla ya adhana kila kitu kiwe mkekani, na wanawake wote wakae. Kilichosahaulika jikoni kibaki huko.
6. Vyombo baada ya futari ni vya vijana, ili mama zao waende tarawehi.

*Arobaini ya mzazi.* Siku 40 baada ya kujifungua, mzazi hana zamu. Zamu zake zigawiwe kwa majina kabla hajajifungua, siyo "tutaona". Amtunzaye, anayempikia uji na supu ya pilipili manga na kumkanda, aondolewe kazi nyingine. Maji ya kukanda yapimwe kwanza kwa kiwiko. Mzazi aliyeungua ngozi hakukandwa, ameumizwa.

*Eda.* Mjane wa Kiislamu hukaa miezi 4 na siku 10. Kazi za ndani anaweza kuzifanya akipenda. Soko, kliniki na kila kinachotoka nje vihamie kwa wengine siku hiyohiyo, bila kungoja aombe.

*Desemba.* Kwa nyumba za Moshi na Rombo, watoto wanapopanda kutoka mijini kwa Krismasi, mkamwana aliyebaki na mama migombani hujikuta akiwapikia watu 20. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: kuanzia siku ya tatu, zamu za jikoni ni za waliotoka mjini, na mwenyeji anakaa.

Mkishindwa: kutenga jiko

Kuna nyumba ambamo yote haya hayatafaa, na si kwa sababu watu ni wabaya. Wamekuwa wengi, au kipato kimeachana sana. Kutenga jiko, kila mkamwana na chungu chake, si kuvunja ukoo. Kunavunja ukoo kukifanywa kwa hasira, usiku, kwa kununua jiko jipya bila kusema.

1. Mama aambiwe kwanza, na mtoto wake, yaani mume wako, akiwepo. Hapa ndipo mahali pa mume kusema.
2. Kabla ya kutenga, semeni mama atakula chungu cha nani, siku zipi. Mama asiwe mtu wa kuomba sahani.
3. Chungu cha pamoja kibaki angalau mara moja kwa wiki.
4. Gharama za pamoja (maji, umeme, dawa za mama) zibaki kwenye daftari moja.
5. Watoto wale popote walipo. Usimfukuze mtoto wa mwenzio kwenye sinia lako.

Makosa niliyoyaona mara nyingi

Kubandika ratiba ukutani inayosomwa na kila mgeni, mpaka jirani anajua kwenu leo nani hajaosha choo. Iwekeni ndani ya mlango wa stoo.

Kumfanyia mwenzako zamu kimya kimya kisha kumsema. Ama mkumbushe, ama mfanyie na usahau.

Kumpa bi harusi wa wiki moja jikoni nzima ili "ajaribiwe". Awe na mwenzake mwezi wa kwanza, ajue kisu kiko wapi na baba hali nini.

Kumhesabu aliyerudi kwao baada ya talaka kuwa mgeni wa kudumu, au kumgeuza mtumishi wa nyumba. Nimeona yote mawili. Ana zamu kama mwingine, na ana chumba kama mwingine.

Kungoja mpaka mtu alie.

Kagua kila mwezi

Siku moja baada ya alasiri, mkiwa na chai, someni haya kwa sauti na kila mmoja ajibu:

☐ Kila kazi iliyo kwenye daftari ina jina la mtu mmoja.
☐ Kazi za kukumbuka nazo zina majina.
☐ Kila msamaha una tarehe ya mwisho.
☐ Kila mwanamke amepata angalau siku moja kwa wiki asiyoshika jiko.
☐ Mama ana kazi anayoipenda na hana inayomuumiza.
☐ Wavulana wameosha vyombo sawa na wasichana.
☐ Dada wa kazi amepata siku yake ya mapumziko.
☐ Aliyeumwa mwezi huu alijua nani anamshikia zamu.
☐ Zamu ya jikoni ya kesho inajulikana ni ya nani, naye ameshaloweka maharage.